Masta ya uongozi, ya kufundisha au MPH (masta ya afya ya jamii)? Muuguzi niko Dodoma, naombeni ushauri

sista_Ilazo
Mbukwenyi wanajukwaa, poleni na majukumu. Mimi ni muuguzi mwenye digrii, nafanya kazi hospitali moja hapa Dodoma, niko wodi ya wazazi. Kwa sasa nafanya kazi za watu watatu yani. Napanga shifti na kufuatilia vifaa, hapohapo kuna wanafunzi wa mazoezi wanatakiwa waelekezwe, alafu wameniweka kwenye timu ya kuboresha huduma kwaiyo kila mwezi natoa takwimu kwenye rejista za MTUHA (mfumo wa taarifa za utoaji huduma za afya) naandika ripoti. Nataka kusoma masta na nimebaki na machaguo matatu: uongozi wa huduma za afya, masta ya uuguzi inayoelekea kufundisha, au MPH ili nishike utafiti vizuri. Ipi inamfaa mtu anaegusa vyote vitatu? Dirisha la maombi halingoji, nataka niamue mwezi huu. Nawasilisha.

Kondoa_Original
Mleta uzi umeruka ya muhimu yote. Wewe ni wa serikali au binafsi? Umeshathibitishwa kazini? Ada analipa nani? Mwajiri anajua kama unataka kwenda shule? Na mwisho wa siku unataka uwe nani, metroni, tyuta au mtafiti? Leta majibu kwanza la sivyo tutakushauri hewani.

mzee_wa_Makole
MPH. Usipoteze muda. Ukiwa na MPH unaombea halmashauri, mashirika, hata wizarani pale Mtumba unaingia. Masta ya uuguzi inakubakisha kwenye uuguzi tu. Mimi watu ninaowaona wamesogea wote wana MPH.

Kondoa_Original
@mzee_wa_Makole hao uliowaona wamesogea wametoka wodini kabisa mkuu. Huyu dada hajasema anataka kutoka wodini. Tusimpangie.

tyuta_mstaafu
Binti yangu hongera kwa kutaka kusoma. Mimi nimefundisha vyuo vya uuguzi umri wangu wote wa kazi, naomba nikuelekeze kwenye kufundisha na nakupa sababu.

Chukua patografu, ile chati ya kufuatilia uchungu wa mama anaejifungua, kitu unachokishika kila siku. Mwanafunzi anaambiwa "jaza", anajaza. Haambiwi kwanini mstari wa tahadhari unaanzia mlango wa kizazi ukifunguka sentimita nne na kupanda sentimita moja kwa saa, wala kwanini mstari wa kuchukua hatua umewekwa saa nne mbele yake. Kwaiyo mama akivuka mstari wa kwanza yeye anaendelea kuweka alama zake vizuri kabisa na hamuiti mtu. Baadae ukikagua faili unakuta chati imejaa, mapigo ya moyo wa mtoto yameandikwa kila nusu saa, namba zote zinafanana 140, 140, 140, wino ni mmoja na mwandiko ni wa mkono usionyanyuka, yani imejazwa yote baada ya mama kujifungua. Hilo limeanzia kwenye namna alivyofundishwa, na watu wanaojua kazi na pia wanajua kufundisha ni wachache mno. Kama masta ni mzigo kwa sasa ulizia CEDHA pale Arusha, kile kituo cha wizara kinachoandaa walimu wa vyuo vya afya. Ukitoka pale mwanafunzi utamuona kwa jicho lingine.

nesi_Nkuhungu
Mwalimu nakuheshimu sana ila hapo kwenye patografu nakataa. Usiku mpo wawili, kina mama wanane, wawili wanasukuma kwa wakati mmoja, nani atasikiliza moyo wa mtoto kila nusu saa kwa kila mama? Huyo nesi anajua vizuri sana kwanini anatakiwa ajaze, amekosa mikono. Hilo la nani yuko zamu gani ni la uongozi. Sista soma uongozi, Chuo Kikuu Mzumbe ni ile IDM ya zamani (chuo cha uongozi wa maendeleo), mambo ya utawala ndo kwao.

tyuta_mstaafu
Nimekusikia, upungufu wa watu upo na sibishi. Ila zipo wodi zenye watu wa kutosha na chati bado ni za kutunga. Utajuaje ni mikono au ni mafunzo bila kuchukua mafaili ukayapitia, mchana weka kwake na usiku kwake, ukalinganisha? Na hapo ndo utafiti unapoingia. Nyie mnavigawa hivi vitu vitatu lakini mama aliye kitandani anavihitaji vyote kwa pamoja.

Chamwino_kwetu
Ngoja niseme yaliyonikuta kuhusu masta maana hapa watu wanachagua jina la kozi kama jina ndo litakusomesha.

Nilienda chuo kimoja, jina nalihifadhi. Darasani hakuna shida, nikafaulu. Andiko langu lilikua kuhusu kwanini wajawazito wa vijiji vya Bahi wanachelewa kufika hospitali wakishapewa rufaa, nilitaka kukaa nao niwahoji. Msimamizi akaipenda, tukaipeleka kamati ya maadili, kibali kikatoka. Kabla sijaenda kijijini msimamizi akapata kazi nje ya nchi akaondoka, idara ikakaa kimya muda mrefu bila kunipa mwingine. Alivyopatikana, yule mpya hapendi mahojiano, anataka dodoso na namba, kwaiyo andiko linageuzwa, na ukigeuza mbinu lazima urudi kamati ya maadili na marekebisho. Kibali kinarudi ni Januari, mvua za Dodoma mnazijua zikianza Desemba mpaka Aprili barabara za kule ndani makorongo yamejaa, hupiti. Huku chuo kinataka ada ya mwaka wa ziada, na barua yangu ya ruhusa imeisha muda, mwajiri anataka nirudi kazini. Nilimaliza, namshukuru Mungu, ila nilimaliza nikiwa nafanya zamu za usiku na kuchambua data mchana.

Kwaiyo dada yangu, kabla hujalipa hata shilingi nenda idarani ukaulize kila mhadhiri anasimamia wanafunzi wangapi, na akiondoka inakuaje. Tafuta na waliomaliza mwaka jana uwaulize andiko lilikaa muda gani. Hayo ndo yatakuamulia kuliko kama imeandikwa uongozi au MPH.

zabibu_tamu
Pole sana @Chamwino_kwetu, umeongea ukweli mtupu. Naongezea, chagua swali la utafiti lililoko kwenye wodi yako ili usitegemee barabara.

mzee_wa_Makole
Kuna ile MPH ya watu walio kazini pale Muhimbili, vipindi vya jioni. Na sasa treni ya SGR ipo tangu 2024, Dar sio mbali tena.

nesi_Nkuhungu
Mzee kwa heshima zote, nani atapanda treni kila jioni kwenda Upanga na asubuhi awe wodini Dodoma? Na nauli je? UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) ipo hapahapa na wana shule ya uuguzi na afya ya jamii, St John's nao wanafundisha uuguzi, aanzie kuulizia nyumbani.

sista_Ilazo
Asanteni sana wote, hasa mwalimu na @Chamwino_kwetu, nimesoma mara mbili. Kujibu maswali: nimethibitishwa. Ada nitajilipia labda nipate mfadhili. Mimi ni mwajiriwa wa halmashauri ila niko hospitali ya taasisi ya dini kwa ule utaratibu wa mkataba, kwaiyo mshahara unatoka serikalini na bosi wa kila siku ni wa hospitali. Ninachotaka ni kubaki wodini lakini niwe na sauti kwenye maamuzi. Hilo la kulinganisha chati za usiku na mchana limeniingia, naanza nalo hata kabla ya chuo.

Kondoa_Original
Hapo sasa umefunguka. Kwa hali yako ruhusa ni ya mkurugenzi wa halmashauri, daktari mfawidhi wa hapo ulipo anapitisha barua tu. Hakikisha jina lako limo kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Ukienda kwa ruhusa ya mdomo ya hospitali peke yake mshahara unaweza kusimamishwa na ukahesabika mtoro.

nesi_Nkuhungu
Na kabla hujaanza kupitia mafaili omba kibali kwa maandishi, hata kama ni kazi ya timu ya kuboresha huduma. Wenzako wakiona unakagua chati zao za usiku watasema unawachongea. Waambie mapema kwenye ripoti ya asubuhi, na majina usiyaandike.

zabibu_tamu
Samahani natoka nje ya mada kidogo, huko kwenu mnatumia patografu ya zamani au ule mwongozo mpya wa WHO wa 2020? Maana ule mpya uchungu mkali unahesabiwa kuanzia sentimita tano na hauna ile mistari miwili, sisi tumeambiwa tubadilishe ila fomu zilizopo stoo ni zilezile za nne.

tyuta_mstaafu
@zabibu_tamu hilo ni kubwa, fungua uzi wake tulijadili vizuri. Wanafunzi wengi wanafundishwa moja chuoni wanakuta jingine wodini.

Chamwino_kwetu
@sista_Ilazo bado hujasema kama unaomba masomo ya kuhudhuria muda wote au ya kwenda na kurudi kazini. Na huyo mfadhili ana mkataba gani?