Mjadala: Je, sarafu za Sponsianus zinatosha kumfanya kaizari?

Mwaka 2022 watafiti walioongozwa na Paul Pearson waliichunguza kwa hadubini sarafu ya dhahabu ya Sponsianus iliyohifadhiwa katika makumbusho ya Hunterian mjini Glasgow, wakaona mikwaruzo ya matumizi na chembe za udongo zilizogandamana juu yake, wakahitimisha kwamba ni ya kale na kwamba mtu huyo, asiyetajwa na mwanahistoria yeyote wa zama zile, alishika madaraka katika jimbo la Kirumi la Dacia (Romania ya leo) miaka ya 260 BK. Wanaowaunga mkono hutukumbusha kisa cha Domitianus, aliyejitawaza kuwa kaizari huko Galia (Ufaransa ya leo) yapata mwaka 271: sarafu yake iliyopatikana Ufaransa mwaka 1900 ilidhaniwa kuwa ya kughushi, hadi ya pili ilipoibuka mwaka 2003 huko Chalgrove, Uingereza.

Mimi sioni kwamba visa hivi vinafanana. Sarafu ya Chalgrove ilitoka ndani ya chungu chenye sarafu zipatazo 5,000 zilizoshikana kwa kutu, na ikabainika kuwa imegongwa kwa mihuri ileile iliyogonga ya Ufaransa. Nani angeipenyeza katikati ya bonge lile? Za Sponsianus zinaelezwa kuwa zilipatikana Transylvania, eneo lililokuwa sehemu ya Dacia, mwaka 1713, kisha zikatawanyika mikononi mwa wakusanyaji.

Hebu tuitazame sarafu yenyewe ya Sponsianus. Imesubiwa kwenye kalibu, wala haikugongwa kama ilivyokuwa desturi ya Roma. Upande mmoja kuna kichwa chenye taji la miale na maneno IMP SPONSIANI. Upande wa pili kuna nguzo iliyonakiliwa kutoka dinari ya fedha ya mwaka 135 KK hivi, pamoja na herufi C AVG. Kwenye dinari herufi hizo ni jina la msimamizi wa sarafu, Caius Augurinus, ingawa asiyejua angezisoma kama Augustus, cheo cha kaizari. Kosa hilo, nakiri, angeweza kulifanya fundi wa Dacia aliyekatikiwa na njia ya Roma sawasawa na mghushi wa karne ya 18, ambaye kwa kweli angepata faida zaidi kwa kuchonga jina maarufu.

Kwa hiyo ukale wa dhahabu yenyewe siupingi sana. Ninachowauliza wanaomtetea ni hiki: udongo ule unatuonyesha kwamba sarafu ilizikwa, lakini unatofautishaje amri ya kaizari na kazi ya sonara?