AC inapoa barabarani, kwenye foleni inatoa joto: nimejaza gesi mara 2, naombeni ushauri

Wa_Sakina:
Habari za jioni wakuu. Niko Arusha, gari ni Toyota Premio. Kila mwezi nampeleka mama kliniki hospitali ya KCMC, Moshi, ana presha. Kwenda asubuhi hatuna shida, shida ni kurudi mchana. Tukitoka Moshi, Boma Ng'ombe mpaka KIA (uwanja wa ndege) nikiwa kwenye 80, AC inapuliza baridi safi kabisa. Tukifika Usa River mwendo ukipungua inaanza kuwa vuguvugu, na kwenye foleni ya mjini ni joto tupu. Mama anashusha kioo, vumbi lote linaingia kwake. Inaniuma kwa kweli.

Mwezi wa 12 fundi alisema gesi imeisha, akajaza kwa 50,000. Siku ile mvua ilikuwa inanyesha, ikapoa vizuri, nikajua imepona. Jua lilipotoka, mambo yaleyale. Wiki iliyopita akaongeza tena na ndiyo imezidi: kompresa (pampu inayosukuma gesi ya AC) inakata na kurudi, halafu mshale wa joto la injini unapita katikati nikiwa nimesimama. Sasa anasema kompresa imekufa, nitafute ya mtumba. Kabla sijatoa hiyo hela, naomba mawazo yenu. Natanguliza shukrani.

kifaru_mweupe:
Mkuu hiyo ni kompresa, mimi yangu ilikuwa hivyohivyo. Badilisha upumzike.

FundiBaridi:
Usinunue kompresa bado. Kompresa iliyochoka nayo inaweza kupoa afadhali ukiwa kwenye mwendo, lakini yako ina dalili nyingine. Yako ikipata upepo inapoa, na siku ya mvua ilipoa. Inaelekea kazi ya kusukuma inafanyika, kinachoshindikana ni kutoa joto nje. Hiyo ni kazi ya kondensa, ile iliyokaa mbele ya rejeta inayopooza maji ya injini. Gari likitembea, upepo wa njiani unaipooza. Likisimama, inategemea feni.

Fanya hivi kesho mchana: washa gari, washa AC, fungua boneti, angalia feni zote mbili nyuma ya rejeta. AC ikiwa inafanya kazi zinatakiwa kuzunguka. Usiingize mkono, feni inaweza kuwaka ghafla. Kisha chukua maji kwenye kopo, mwagia kondensa taratibu kwa mbele huku mwenzako amekaa ndani anasikilizia hewa. Baridi ikirudi ndani ya dakika moja mbili, umepata jibu bila kununua kitu.

Na hilo la gesi, naomba wengine pia mlisome. Gesi ya AC haiishi kama mafuta. Inazunguka humohumo ndani ya mabomba yaliyofungwa. Ikipungua, kuna mahali inatokea, na mara nyingi panaacha doa la mafuta lililoshika vumbi. Fundi anayeongeza kila mwezi bila kutafuta hapo mahali anauza gesi tu.

Mama_wa_Njiro:
Kaka, alipoongeza alipima kwa mzani? Chini ya boneti kuna kibandiko kinachoandika aina ya gesi na gramu zake. Magari mengi madogo hayafiki hata gramu 600. Ikizidi, presha inapanda na baridi inapungua, watu wanadhani imepungua wanaongeza nyingine. Mimi nilipitia hayo na gari la kupeleka watoto shule.

Wa_Sakina:
Wakuu, nimefanya. Feni moja inazunguka, ya pili imelala kimya. Nilipomwaga maji, kijana wangu aliyekuwa ndani akapiga kelele "baba imekuja!" Dada wa Njiro, hapana, hakupima, alikuwa anatazama geji tu. Leo jirani ameniwekea geji zake nikiwa nimesimama: presha ndogo PSI 60, presha kubwa inapanda kupita 400, kisha kompresa inakata.

FundiBaridi:
Basi ni hayo mawili pamoja. Kwa R134a, gesi ya AC ya magari mengi, kwenye joto la nyuzi 30 hivi, ndogo ingekaa kati ya 25 na 45, kubwa kati ya 150 na 250. Zote mbili ziko juu: gesi imezidi na upepo hautoshi. Kompresa inakatwa na swichi ya presha, inalindwa isijiue. Na feni hizohizo ndizo zinazopooza rejeta, ndiyo maana mshale unapanda. Ukiendelea hivyo utaunguza gasketi.

Feni: anza na fyuzi na rilei. Umeme ukifika na bado imelala, igonge mota taratibu kwa kijiti. Ikishtuka na kuzunguka, brashi zinazopitisha umeme ndani ya mota zimeisha.

Gesi itolewe kwa mashine, isiachiwe hewani, ni mbaya kwa mazingira na ikikugusa inababua ngozi. Fundi avute kwa pampu hewa yote iliyo ndani ya mabomba nusu saa, ajaze kwa mzani.

mlima_uko_wapi:
Hapo kwenye kuvuta hewa, geji ya Arusha haifiki inchi 30 za zebaki kama video za YouTube zinavyoonyesha. Tuko mita 1,400 hivi juu ya bahari, ikifika 25 ndiyo mwisho wake. Muhimu ni kwamba ukizima pampu mshale utulie palepale. Ukirudi, kuna tundu.

Wa_Sakina:
MREJESHO. Mota ya feni ilikuwa brashi zimekwisha, nimepata nyingine. Kati ya kondensa na rejeta tumetoa vumbi na wadudu karibu nusu ndoo, tumeosha kwa maji ya presha ndogo ili mapezi yake membamba yasilale. Fundi mwingine ametoa gesi, amevuta hewa, mshale ukatulia, akajaza kwa mzani kufuata kibandiko. Leo saa 8 mchana nimesimama foleni ya Kilombero hapa mjini robo saa nzima: ndogo 35, kubwa 220 alipopima baadaye. Kompresa ni ileile.

Alhamisi tuliporudi Moshi mama alilala kuanzia KIA. Kufika Tengeru akaomba kanga ajifunike.