Mjadala: Praima ya kopo kwa sanamu ndogo, tunanunua jina au tunanunua kinachoshika?

MTOA MADA

Wadau wa sanamu ndogo, salaam. Kila mgeni akiuliza apulize praima gani (rangi ya msingi inayotoka kwenye kopo la kupuliza) kabla ya kupaka rangi askari wake, joka lake au kifaru chake cha plastiki, jibu huja moja: usiguse kopo la mafundi magari, nunua lililotengenezwa kwa ajili ya sanamu, la sivyo utaiharibu kazi yako. Upande wa pili nao hujibu kwamba praima ni praima, na anayelipia jina analipia karatasi iliyobandikwa kwenye kopo. Nasema pande zote mbili zinampoteza mgeni, na wa kwanza ndio wanaompoteza zaidi. Cha kuuliza kwanza ni sanamu yako imetengenezwa kwa kitu gani. Kopo linafuata baadaye.

Tuanze na kazi ya praima yenyewe. Rangi za akriliki tunazopaka kwa brashi ni za maji. Ukizipaka moja kwa moja juu ya plastiki ngumu inayoteleza, hujikusanya matone, na zikishakauka ukucha unazibandua. Praima huweka tabaka jembamba lisilong'aa, linaloshika plastiki kwa chini na kushikwa na rangi kwa juu. Kopo lolote linaloyafanya hayo mawili bila kuziba mikunjo ya nguo na mistari ya uso limemaliza kazi yake.

Sasa ile hofu ya thina kali. Wanaoyakataa makopo ya magari husema vimiminika vilivyomo, asetoni na jamaa zake, huyeyusha polistairini, ile plastiki ya kijivu ambayo sanamu nyingi za vipande hutengenezwa nayo. Ni kweli, ukiichovya humo italainika. Lakini Fine Surface Primer ya Tamiya, kampuni ya Shizuoka, Japani, nayo ni ya laka yenye thina kali, na waundaji wa ndege na magari madogo wanaiamini miaka nenda rudi. Mr. Surfacer ya GSI Creos, ya Japani pia, ni vivyo hivyo. Sababu ni kipimo: ukipuliza tabaka jembamba, thina huruka hewani kabla haijala plastiki kwa kina, na kule kung'ata kidogo juu juu ndiko kunakoifanya praima ishike sana. Kwa hiyo anayesema "thina kali hapana" ajue anazikataa pia praima mbili zinazosifiwa kuliko nyingi.

Hapa sasa nawageukia wenzangu wa "praima ni praima". Fundi magari hana praima ya aina moja. Anayo ya kawaida ya plastiki na chuma, na hiyo ndiyo ninayoitetea. Anayo yenye asidi, ya kung'ata bati tupu ili kutu isianze; hiyo haina kazi kwenye plastiki. Na anayo ya kujaza, iliyotengenezwa iwe nene ili ifukie mikwaruzo kisha ipigwe msasa. Hii ya tatu ndiyo inayoyapa makopo ya magari sifa mbaya. Sanamu yenye kimo cha milimita 28 ina mdomo usiozidi milimita moja au mbili. Ukiipulizia praima ya kujaza, umeufukia mdomo pamoja na kope na mishono ya koti. Wajapani wamelirahisisha jambo hili kwa namba: Mr. Surfacer hutoka 500, 1000, 1200 na 1500, na namba inavyopanda ndivyo unga wake unavyokuwa laini. Ile 500 ni ya kufukia, 1500 ni ya kulinda nakshi. Laiti makopo yote yangeandikwa hivyo, mjadala huu ungekuwa mfupi.

Halafu kuna plastiki laini, PVC inayopindika ukiibinya. Wengi waliijua kupitia sanamu za Bones za Reaper, kampuni ya Texas, Marekani, hasa baada ya kampeni yao ya kuchangisha fedha mtandaoni ya 2012. Ukiipulizia plastiki hiyo, makopo mengi, ya magari na hata yenye majina ya hobi, hubaki yakinata. Kilainishi kilichomo ndani ya plastiki hukutana na thina, na rangi haikauki leo wala wiki ijayo. Hapa jina la kopo halikuokoi. Osha kwa maji na sabuni, kausha, kisha paka praima ya maji kwa brashi. Surface Primer ya Vallejo ya Uhispania hutumiwa sana kwa kazi hii. Na mandhari ya povu, vile vilima na kuta za ngome, usiyakaribie na kopo kabisa mpaka uwe umeyafunika kote kwa gundi ya maji au rangi ya brashi. Thina na gesi ya kopo hulila povu ukiwa unatazama.

Rangi gani? Kijivu. Nyeusi huficha makosa ya praima yenyewe, huoni palipokosa kufikiwa. Nyeupe ndiyo ngumu kuliko zote: hutegemea titani dioksidi, inahitaji wingi ili ifunike, na mtu asiyeridhika huongeza pumzi moja, kisha nyingine, mpaka uso unakuwa wa chokaa. Ipo hali moja ambapo nakubali kopo la jina. Games Workshop ya Nottingham, Uingereza, ilipotoa rangi za Contrast mwaka 2019, ilitoa pamoja nazo Wraithbone na Grey Seer za kupuliza. Contrast ni rangi nyepesi zinazopitisha mwanga, zinazojikusanya mabondeni na kukimbia vilimani, kwa hiyo uso wa chini ukiwa mkavu kama mchanga, zinaacha madoa. Kwa kazi hiyo ulaini wa yale makopo unaonekana kwa macho. Kwa kazi nyingine, nithibitishieni.

MCHANGIAJI WA KWANZA

Mkuu, elimu ni nzuri lakini umemsahau mgeni mwenyewe. Hajui asidi wala ya kujaza. Anasimama mbele ya makopo yanayofanana, na maandishi ya nyuma ni madogo na ya kikemia. Anayemwambia "nunua la sanamu" hamdanganyi, anampunguzia nafasi ya kukosea. Kampuni inayouza sanamu na praima imeijaribu praima yake juu ya plastiki yake. Kampuni ya rangi za magari inaijaribu juu ya bamba na bampa, na siku ikibadilisha mchanganyiko haina sababu ya kumfikiria mwenye sanamu. Tena hasara hailingani: bamba likiharibika linapigwa msasa na kurudiwa, uso wa sanamu ukiharibika umekwenda, pamoja na jioni zote za kukata na kuunganisha vipande.

MCHANGIAJI WA PILI

Nyote wawili mnabishana juu ya kopo wakati kopo lenyewe ndilo tatizo. Mwenye eabrashi, ile kalamu ya kupulizia rangi kwa hewa, na kompresa ya kuisukuma hewa hiyo, anaweza kupuliza praima ya maji usiku, mvua ikinyesha, ndani ya nyumba, dirisha likiwa wazi na barakoa usoni. Kopo linangoja hali ya hewa iruhusu.

MTOA MADA

Mchangiaji wa kwanza, hoja ya hasara naiheshimu, na ndiyo sababu sipulizi kopo jipya moja kwa moja juu ya sanamu, liwe la nani. Sanamu za vipande huja na fremu ya plastiki ileile, ile tunayoitupa baada ya kukata vipande. Osha kipande chake, kipulizie, kiache siku nzima, kisha bandika utepe wa karatasi na uuvute kwa nguvu. Praima ikibaki, ikiwa kavu na mistari ya fremu inasomeka, umepata jibu ambalo karatasi ya kopo haiwezi kukupa. Na kubadilisha mchanganyiko hakumhusu mtengenezaji wa magari peke yake. Makampuni ya hobi nayo hubadilisha, kwa hiyo jaribio linarudiwa hata ukinunua jina lilelile. Mgeni anayeweza kuunganisha kifaru cha vipande vingi anaweza kufanya jaribio hili.

Pia tuseme wazi kwamba sanamu nyingi zinazolaumiwa kopo zimeharibiwa na mkono na hewa. Ukipuliza kutoka mbali mno, au kwenye joto kali na kavu, matone hukauka njiani na kutua kama vumbi. Ukipuliza kwenye unyevu mwingi, rangi hupata weupe kama wa ukungu. Ukibonyeza mfululizo bila kupumzika, gesi inayogeuka kutoka kimiminika hulipoza kopo, shinikizo hushuka, na nozeli huanza kutema. Tikisa kopo dakika mbili ukiitazama saa, siyo kwa makisio. Simama umbali wa sentimita 20 hadi 30. Anza kubonyeza nje ya sanamu, pita, achia nje ya sanamu. Kopo la bei yoyote litakuadhibu ukiyapuuza haya.

Mchangiaji wa pili, eabrashi sina ubishi nayo kwa anayeimiliki, ila kumwambia mwenye sanamu tano anunue kompresa ni kumfukuza. Brashi inamtosha. Kuhusu barakoa umesema jambo ambalo lilipaswa kuwa juu kabisa kwenye mada yangu, na naliongezea kitu: barakoa ya kitambaa au ya vumbi haizuii mvuke wa thina. Inayotakiwa ni yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, na kwa kopo, nje kwenye hewa inayotembea, mbali na moto wa aina yoyote, maana gesi nyingi za kusukuma rangi ni butani, propani au dimethili etha, na zote zinawaka.

Ninachosubiri sasa ni mtu aliyefanya jaribio la utepe juu ya sanamu ya rezini (plastiki ya majimaji inayogandishwa kwa mwanga) iliyochapwa kwa printa, kabla na baada ya kuiosha na kuikaza kwa mwanga. Huko nadhani kopo la magari na la hobi yatashindwa au kufaulu pamoja, kwa sababu rezini isiyokaza vizuri haishikwi na chochote. Mwenye matokeo aweke.