Harage lililo guniani ni kiumbe hai au si hai? Binti yangu kakoseshwa

MamaVifaranga (Makambako)

Habari za jioni wanajukwaa. Kuna jambo limenikaa rohoni tangu Jumatatu, naomba wenye elimu ya Baiolojia mnisaidie.

Binti yangu yuko darasa la nne. Wamefanya zoezi la Sayansi, swali la kupanga vitu katika makundi mawili, viumbe hai na vitu visivyo hai. Walipewa jiwe, kuku, moto, mgomba, gari na mbegu ya harage. Mbegu akaiweka kwa viumbe hai, akakoseshwa kwa wino mwekundu. Alama moja si kitu. Kinachoniuma ni kwamba mimi ndiye niliyemfundisha hivyo. Tulikuwa tunachambua maharage ya kupanda, akaniuliza kama haya yamekufa, nikamwambia hapana, yamelala. Sasa karudi na daftari ananiuliza, "Mama, kwa hiyo ulinidanganya?"

Usiku nikafungua daftari lake. Sifa za viumbe hai wameandikiwa saba: kula, kupumua, kukua, kujongea, kuzaliana, kuhisi, kutoa takamwili. Nikaweka harage moja mezani nikaanza kulipima. Halili. Halijongei. Halikui, maana liko guniani tangu mavuno na ukubwa ni uleule. Nikifuata daftari, mwalimu yuko sahihi.

Ila moyo umekataa, kwa sababu ya kazi yangu. Natotolesha vifaranga, nina mashine ya mayai sitini. Siku ya saba huwa nazima taa na kumulika mayai kwa tochi moja baada ya jingine. Lenye mbegu utaona doa jeusi katikati na mishipa myekundu imetawanyika pande zote kama mizizi ya mche. Lisilo na mbegu linang'aa lote, njano tupu. Lakini siku niliyoyapokea kwenye trei yote yalifanana, yamepoa, yametulia. Je, siku ile hayakuwa hai? Kama hayakuwa hai, uhai uliingia lini? Mashine yangu inatoa joto na unyevu tu.

Naomba maelezo ambayo mtoto wa miaka kumi ataelewa.

---

Kisanga_82

Dada, usimchanganye mtoto. Mtihani unataka sifa saba. Kitu kisichokuwa nazo zote si hai, basi. Mbegu inakuwa hai ikishaota.

---

Mwalimu Mstaafu (Morogoro)

Mama Vifaranga, nimefundisha Baiolojia miaka thelathini na moja, na swali la binti yako nimeulizwa karibu kila mwaka na kidato cha kwanza. Mwambie hukumdanganya. Mbegu nzima ya harage ni hai.

Shida imeanzia kwenye neno moja, *kupumua*. Kwa Kiswahili ukisema kupumua mtu anaona pua na kifua kinachopanda na kushuka. Harage halina pua, kwa hiyo mtoto anaandika "halipumui". Kumbe kupumua kunakohesabiwa katika zile sifa ni kazi inayofanyika ndani ya kila seli: chakula kinavunjwavunjwa, kwa kawaida kwa msaada wa oksijeni, nguvu inapatikana, na hewa ukaa, maji na joto vinatoka. Mgomba unafanya hivyo usiku na mchana. Harage lako kavu nalo linafanya, ila polepole mno, kama mtu anayebana matumizi mpaka mshahara mwingine. Chakula chake ni kile kilichofungashwa ndani ya zile nusu mbili unazoziona ukilimenya.

Watu wa Makambako mnalijua hili hata kama hamkuliita Baiolojia. Aliyewahi kuweka mahindi mabichi ghalani aseme alichokuta alipotumbukiza mkono katikati ya gunia. Joto. Sehemu ya joto hilo ni punje zenyewe zinapumua, na nyingine ni ukungu na wadudu walioalikwa na unyevu. Ndiyo maana tunaambiwa tukaushe mpaka unyevu ushuke kama asilimia 13. Punje iliyokauka hupumua kidogo sana, kwa hiyo inakaa.

Sasa mayai yako. Uhai haukuingia kwenye mashine. Yai lililorutubishwa linakaa tumboni mwa kuku kwa takriban siku nzima kabla ya kutagwa, na muda wote huo seli zinagawanyika. Linapodondoka kwenye kiota, kile kidoa cheupe juu ya kiini tayari kina maelfu ya seli. Likipoa, kazi inasimama. Likipata joto tena, inaendelea pale ilipoachia. Na kwa kuwa ni kiumbe hai kinachosubiri, kinaweza kufa kikisubiri. Wewe mwenyewe unajua mayai yaliyokaa zaidi ya wiki yanavyototolewa machache. Jiwe halichoki kusubiri, ukiliweka miaka mia utalikuta jiwe.

Ndugu Kisanga, kwa heshima, hapo nakukatalia. Kama mbegu inakuwa hai baada ya kuota, basi kitu kisicho hai kimezaa kilicho hai shambani kwetu kila msimu. Daktari Mjerumani Rudolf Virchow aliliweka wazi mwaka 1855, kila seli hutoka kwenye seli nyingine. Louis Pasteur naye, mwanzoni mwa miaka ya 1860, alichemsha mchuzi kwenye chupa zenye shingo ndefu iliyopinda ili vumbi la hewani lisiufikie, na mchuzi haukuharibika mpaka shingo ilipovunjwa. Uhai hupokezanwa. Kamba haijakatika tangu harage la bibi yake harage.

Tena zile sifa saba ni za kiumbe katika maisha yake yote, si za kila dakika. Nimezaliwa Musoma, kandokando ya ziwa. Kuna samaki anaitwa kamongo. Maji ya kinamasi yakikauka anajichimbia kwenye tope, anajizungushia ute unaokauka kama ngozi, anaacha kitundu cha hewa, na anakaa humo miezi bila kula. Ukimchimbua utadhani ni bonge la udongo. Ukimtia majini anaamka. Kuna nyumbu pia, namaanisha mtoto wa punda na farasi. Farasi ana kromosomu (nyuzi za urithi ndani ya seli) 64, punda 62, nyumbu anaangukia 63 na kwa kawaida hazai. Hakuna anayesema nyumbu aliyebeba mzigo mbele yake si hai.

Na moto, ambao uko kwenye zoezi la binti yako, uangalieni upande wa pili. Unakula kuni, unataka oksijeni, unakua, unajongea, unazaa moto mwingine, unaacha majivu. Ukienda na sifa bila kufikiri, moto utapata alama nyingi kuliko harage! Lakini hauna seli hata moja, wala maelekezo ya urithi ndani yake. Ndiyo maana mimi nilikuwa naanza na seli, sifa saba baadaye.

Usitegemee maneno yangu, fanya na binti yako jaribio la chupa mbili za chai. Loweka maharage usiku kucha, ya kula, siyo yale ya dukani yaliyopakwa dawa. Nusu yachemshe dakika kumi, yaache yapoe kabisa. Makundi yote mawili yasuuze kwa maji yenye klorini kidogo, kisha kwa maji safi. Kila kundi liingie chupa yake, uchomeke kipimajoto, mdomo uzibe kwa pamba isiyobanwa ili hewa ipite. Andikeni joto kila asubuhi kwa siku nne.

---

Mwana wa Lamu

Nawapa jambo la jiwe, maana naona wote mmelipita. Nyumba ya nyanya yangu imejengwa kwa mawe ya matumbawe. Pale chokaa ilipobanduka, ukikaribia ukutani unaona vijitundu vidogo kama nyota, vimepangana safu kwa safu. Kila kitundu kilikuwa makao ya kinyama chake, laini, kidogo kuliko punje ya mchele. Kinyama ni hai. Jiwe alilolijenga chini yake halikuwa hai hata siku moja, ni kama gamba la konokono. Utotoni nilikuwa nikipitisha kidole hapo nikidhani fundi ndiye aliyechora.

Kwa hiyo kwangu makundi ni matatu: kilicho hai, kilichokuwa hai kikafa, na kisichopata kuwa hai. Meza ya mninga na jiwe la mtoni wanaviweka kapu moja shuleni, nami naona si haki kwa mninga.

---

Fundi_Maabara (Mwanza)

Mwalimu, shikamoo. Naongeza kimoja ambacho nakishika kazini kila siku, virusi, kwa sababu hapo hata sisi tunabishana.

Dmitri Ivanovsky mwaka 1892 alichuja majimaji ya majani ya tumbaku yenye ugonjwa kwa kichujio kinachozuia bakteria, na yaliyopita bado yakaambukiza. Martinus Beijerinck mwaka 1898 akasema hiki ni kitu kingine. Halafu mwaka 1935 Wendell Stanley akakifanya kirusi hicho kiwe fuwele, unaweza kukiweka kwenye chupa kikakaa kama chumvi. Kisha ukikirudisha kwenye jani la tumbaku kinazaliana.

Kirusi kina maelekezo ya urithi lakini hakina seli. Nje ya seli ya mwenyeji hakipumui, hakili, hakikui. Harage ukilipa maji linafanya kazi kwa vyombo vyake lenyewe, kirusi lazima kiingie jikoni kwa mtu. Mimi nakiweka nje ya viumbe hai, na wapo wenzangu ninaowaheshimu wanaokiweka ndani.

---

MamaVifaranga (siku kumi na moja baadaye)

Shikamoo mwalimu, na asanteni nyote. Nimechelewa kwa sababu jaribio tumelifanya mara mbili.

Kipimajoto cha homa hakifai, kinaanzia 35. Nikachukua viwili vya banda la vifaranga. Mara ya kwanza klorini niliiruka, niliona kuchemsha kunatosha. Chumbani ni nyuzi 18, huku kwetu baridi imeshaanza. Maharage mabichi: asubuhi ya kwanza 19, ya pili 23, ya tatu 28. Binti yangu alikuwa anaamka kabla yangu kwenda kusoma. Yaliyochemshwa yakakaa 18, 18, 18. Tukafurahi. Siku ya nne tunakuta 22! Akaniangalia, "Mama, yamefufuka?" Nikachomoa pamba. Harufu ilitupiga wote wawili, maharage yanateleza, yamefanya utelezi wa kijivu. Hapo nikaelewa klorini ilikuwa ya nini. Maharage yalikuwa yamekufa kweli, ila walio hai wengine walikuwa wameingia kuyala, na joto lilikuwa lao.

Tukarudia kwa klorini. Mabichi yalifika 29. Yaliyochemshwa siku zote nne hayakuvuka 19, na hayakunuka.

Daftari la vipimo nilimpelekea mwalimu wake mwenyewe, tukiwa wawili tu, sikutaka aone haya mbele ya watoto. Aliusoma ukurasa mzima akiwa amesimama, akaniomba akae nao mpaka Ijumaa.

Lakini binti yangu ameleta jingine, na mimi sina jibu. Tulitandaza maharage 40 kwenye kitambaa kibichi. Yameota 37. Matatu yamevimba tu, baadaye yakalainika yakaoza. Tulipoyachambua yote 40 yalikuwa magumu, yanang'aa, rangi ya udongo mwekundu, hakuna aliyeweza kuyatofautisha. Anauliza, yale matatu yalikufa lini? Na je, tungeweza kujua kabla?

---

Mwalimu Mstaafu (Morogoro)

Marahaba mama. Mpe hongera, na hiyo ya klorini ataikumbuka kuliko ningeimwandikia ubaoni.

Yalikufa lini, hakuna ajuaye. Pengine yaliivia mvuani, pengine yalianikwa kwenye jua kali mno, pengine yalipigwa vibaya wakati wa kupura na kiinitete, yaani kile kimche kichanga kilichomo ndani ya mbegu, kikavunjika ndani ya ganda zima. Hata ghalani mbegu hufa moja moja, ndiyo maana ya mwaka jana huota vizuri kuliko ya miaka mitano.

Kujua kabla inawezekana, ila kwa kuipoteza mbegu yenyewe. Kwenye maabara za mbegu wanailoweka, wanaipasua kwa urefu katikati ya kiinitete, kisha wanaizamisha kwenye maji yenye chumvi ya tetrazolia na kuiacha saa chache gizani kwenye joto la wastani. Dawa hiyo haina rangi. Seli zinazopumua huibadilisha, na sehemu iliyo hai inageuka nyekundu. Iliyokufa inabaki nyeupe. Nilipoonyeshwa mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa ualimu, punje ya mahindi iliyopasuliwa, na kile kiinitete kidogo chenye umbo la ulimi kikaanza kuiva kwenye ncha, waridi kwanza, halafu kama damu.