Milioni 3: inchi 75 ya kawaida, 65 ya Mini-LED au 55 ya OLED? (PS5, mpira na katuni)

Mtu wa Tabata

Wakuu, habari za leo. Naomba ushauri kabla sijashuka Kariakoo Jumamosi, maana nikifika kule sina msimamo nitabebeshwa chochote.

Bajeti ni milioni 3, naweza kuongeza kidogo ila sio sana. Kwa bei nilizotajiwa kwenye simu, hela hiyo inanipa moja kati ya hizi: Samsung Crystal UHD inchi 75, Hisense U7 ya Mini-LED inchi 65, au LG OLED ya familia ya C inchi 55, toleo la nyuma kidogo.

Mchana watoto wanaangalia katuni, jioni mama watoto ana tamthilia zake, usiku ni mpira wa king'amuzi, halafu mimi na shemeji tunakaa kwenye PS5. Gemu letu kubwa ni EA Sports FC, Warzone mara mojamoja. Sebule ina madirisha mawili makubwa nyuma ya kochi, mwanga unaingia mpaka jua linazama. Kutoka kochi hadi ukutani ni kama mita 3.

Muuzaji ananisukumia ya 75. Anasema nayo ina 120Hz, yaani kioo kinabadilisha picha mara 120 kwa sekunde, kwa hiyo kwenye gemu zote ni sawa. Ni kweli?

Baba Wawili

Chukua 75 mkuu, usisumbuke. Kwa mita 3 inchi 55 utaiona ndogo ndani ya wiki moja. Kuna hesabu rahisi: chukua umbali wako kwa inchi, gawa kwa 1.6. Mita 3 ni inchi 118, ukigawa unapata kama 74. Hesabu yenyewe inakuchagulia.

Fundi Mbezi

Hesabu ya Baba Wawili ni sahihi kabisa, lakini inapima ukubwa peke yake. Kioo kikoje, haisemi.

Nianze na hiyo 120Hz. Crystal UHD za 75 nilizozifungua ni kioo cha 60Hz. Namba kubwa unazoziona kwenye boksi, zile za "motion" hivi na vile, ni jina la programu inayolainisha picha. Hazisemi kioo kinabadilisha picha mara ngapi kwa sekunde. Kuna na TV nyingine za 60Hz zinazokubali 120 kutoka kwenye konsoli, ila zinafanya hivyo kwa kukata mistari ya picha nusu, kwa hiyo unapata mwendo na kupoteza ukali. Ukiwa dukani usiulize "ina 120?" Muulize: inapokea 4K (picha kali ya nukta 3840 x 2160) kwa 120Hz kwenye tundu lipi la HDMI, lile la waya wa konsoli? Muuzaji anayeijua bidhaa yake atakuonyesha tundu lenyewe kwa kidole.

La pili ni taa za nyuma. Hiyo 75 taa zake haziwezi kuzimika kipande kwa kipande. Mechi ya usiku au filamu yenye giza, weusi wote unakuwa kijivu. Mini-LED ina taa ndogondogo nyingi zilizogawanywa kwa makundi, penye giza zinafifia, penye mwanga zinawaka kwelikweli. Na kwa sebule yenye madirisha nyuma ya kochi, huo mwanga wa ziada ndio utakaokuokoa saa nane mchana, kwa sababu madirisha hayo yanajiakisi moja kwa moja kwenye kioo.

Kwa hela hiyohiyo Samsung wanakupa inchi, Hisense wanakupa kioo. Mimi ningechukua kioo.

Dada Upanga

Niongee kuhusu OLED kwa sababu ndiyo niliyonayo chumbani. Picha yake usiku haina mpinzani. Kila nukta inajiwakia yenyewe, nyeusi ni nyeusi, na ukikaa pembeni rangi hazibadiliki. Kwa gemu pia ni nzuri sana, na hiyo familia ya C matundu yote manne ya HDMI ni 2.1, yaani yote yanapokea 4K kwa 120Hz.

Lakini kaka, kwa nyumba uliyoieleza nisingeiweka sebuleni. Nembo ya chaneli ya katuni inakaa kona ileile kuanzia asubuhi, taarifa ya habari ina mstari wa maandishi chini, na ubao wa magoli wa FC haupotei mechi nzima. Vitu vinavyoganda sehemu moja miezi na miezi vinaweza kuacha kivuli cha kudumu kwenye OLED. TV inajitahidi, inasogeza picha kidogokidogo na kufifisha nembo, ila ulinzi huo umetengenezwa kwa mtu anayebadilisha anachoangalia. Watoto hawabadilishi. Mchana pia utaona mapazia yako kwenye kioo kuliko katuni.

Mtu wa Tabata

Asanteni sana, mmenifungua macho. OLED naiweka pembeni. Swali langu sasa: kwa FC peke yake, hiyo 120Hz nitaiona kweli? Kama siioni, si bora nirudi kwenye ya 75?

Kocha wa Pedi

Jibu la kweli: kwa FC hutaiona. Kwenye PS5 mechi inachezwa kwa picha 60 kwa sekunde, TV ya 60Hz inatosha. Warzone ndiyo inafika 120, na Gran Turismo 7 kama unapenda magari.

Kinachouma kwenye FC ni kuchelewa kwa pedi. Umebonyeza pasi, mchezaji anaitoa beki ameshafika. TV ikiwa kwenye hali ya kawaida ya picha, ile ya kulainisha mwendo na kupamba rangi, ucheleweshaji unaweza kukaribia sehemu ya kumi ya sekunde. Ukiwasha hali ya gemu unashuka sana, kwa TV nyingi za sasa ni milisekunde 10 hadi 15. Zote tatu ulizotaja zina hali hiyo, kwa hiyo hapo hazipishani sana. Zinapopishana ni VRR, yaani TV kufuata kasi ya konsoli picha zinapopungua ghafla ili picha isikatike vipande. PS5 iliipata Aprili 2022. U7 na OLED ya C zinayo.

Kwa hiyo 120Hz isiwe sababu ya kwanza. Sababu ya kwanza kwako ni madirisha, kama Fundi alivyosema.

Mzee wa Mahesabu

Kuna mtu atakuja kukwambia Hisense ni bora kwa sababu ina Dolby Vision (mfumo wa kuboresha mwanga na rangi za picha) na Samsung haina. Kwenye Netflix inasaidia. Kwenye PS5 haina kazi, konsoli hiyo inatoa HDR10 tu, mfumo mwingine wa aina hiyo. Na Netflix ya 4K inahitaji kifurushi chao cha juu, inakula mpaka GB 7 kwa saa. Kama nyumbani mnaishi kwa bando la simu, fikiria hilo kabla hujaota 4K.

Fundi Mbezi

Nyongeza kwa U7. Toleo nililofunga mimi lilikuwa na HDMI nne, mbili tu ndizo zinapokea 4K kwa 120Hz, na moja ya hizo mbili ndiyo ya eARC, ile ya kupeleka sauti kwenye spika ndefu ya chini ya TV. Ukiwa na spika hiyo, unabaki na tundu moja la PS5. Kwako inatosha, ila king'amuzi kichomeke kwenye zile za kawaida, usikipe tundu zuri bure.

Kasoro yake ni pembeni. Anayekaa ubavuni ataona rangi zimefifia. Kama kuna kochi la mtu mmoja limekaa upande, ligeuze kidogo.

Mtu wa Tabata

Hilo la pembeni sio tatizo, watoto wanakaa chini katikati. Kwa hiyo 65 ya U7. Mita 3 haitakuwa mbali?

Baba Wawili

Nakubali yaishe, hoja ya madirisha ni nzito. Sogeza kochi mbele nusu mita na hesabu inakuja inchi 61, ya 65 inakutosha vizuri. Isitoshe mkicheza huwa mnasogea wenyewe.

Mama Nasri

Kabla ya kulipa iwashwe dukani, usikubali "boksi halijafunguliwa". Weka picha ya kijani tupu kutoka YouTube, ijaze skrini nzima, simama mbele uitazame taratibu. TV nyingine zina mabaka ya kivuli ambayo kwenye filamu huyaoni, ila kamera ikifuata mpira uwanjani yanatembea juu ya nyasi mechi nzima. Ukiyaona, omba nyingine kutoka stoo. Tazama pia nukta zilizokufa kwenye picha nyeupe. Risiti iandikwe namba ya TV yenyewe, ile ya nyuma kwenye stika.

Na iende nyumbani imesimama. Kirikuu kinatosha, mtu mmoja akae nyuma aishike. Ikilazwa, kioo kinabeba uzito wake chenyewe, shimo moja la barabarani linatosha kukipasua.

Kocha wa Pedi

Ukishafunga: kwenye TV, ingia mipangilio ya lile tundu la HDMI uweke aina ya juu kabisa ya ishara, kwa sababu TV nyingi zinatoka kiwandani likiwa limefungwa. Tumia waya uliokuja na PS5, usibadilishe na wa elfu tano. Halafu kwenye PS5 fungua mipangilio ya skrini na video, kuna ukurasa wa taarifa za video. Ukisoma hapo kwamba TV inakubali 3840 x 2160 kwa 120Hz, umeuziwa ulichokilipia. Usipoiona, hamisha waya tundu lingine kwanza ndipo umpigie muuzaji.

Mtu wa Tabata

Nimeandika yote kwenye simu. Jumamosi saa nne asubuhi niko Kariakoo na shemeji, tunabeba na PS5 yenyewe tuichomeke pale pale dukani. Nikipata nitaweka picha ya hiyo kijani hapa mnisaidie kuitazama.