Tangi la sm 60 lenye mimea halisi: changarawe ipi, na samaki gani wakae pamoja?

tangi60 ameuliza:

Wakuu, habari zenu. Nina tangi la kioo lenye urefu wa sm 60, upana sm 30 na kimo sm 30. Bado ni kavu, halijaingia hata tone, nimeona niulize kabla sijamwaga kitu ndani. Nataka mimea halisi, ile ya plastiki hapana: Vallisneria nyuma, Cryptocoryne katikati, Anubias juu ya kipande cha gogo.

Chini nina njia tatu. Kuna changarawe nyeupe iliyochanganyika na vipande vya matumbawe na makombe, kuna nyeusi yenye punje za mm 2 hivi, na kuna mchanga laini wa mto. Kwa macho, nyeupe ndiyo inayonivutia.

Samaki niliofikiria: neoni tetra 10, gapi jozi mbili, Corydoras watano, enjelifishi wawili na pleko mmoja wa kusafisha kioo. Tangi litawabeba? Na nyie mngeweka changarawe ipi?

Mizizi:

Umefanya vyema kuuliza tangi likiwa kavu. Samaki unaweza kumhamisha na mmea unaweza kuung'oa, lakini changarawe ikishashikwa na mizizi, kuibadilisha ni kubomoa kila kitu. Kwa hiyo nianzie chini.

Hiyo nyeupe iache, tafadhali. Matumbawe na makombe ni kalsiamu kaboneti, yaani chokaa. Huyeyuka kidogo kidogo na kupandisha ugumu wa maji (wingi wa madini ndani yake) pamoja na pH (kipimo cha asidi: ikipanda, asidi imepungua), mwezi baada ya mwezi, hata ukibadilisha maji kila wiki. Anayefuga samaki wa Ziwa Tanganyika, ambako pH inakaribia 9, huitafuta changarawe ya namna hiyo kwa makusudi. Neoni asili yake ni vijito vya bonde la Amazon, maji laini yenye asidi kidogo. Isitoshe, juu ya sakafu nyeupe samaki hujipausha rangi ili wasionekane. Mweke neoni juu ya sakafu nyeusi uone ule mstari wake wa buluu unavyowaka.

Hata nyeusi usiiamini kwa macho. Osha konzi moja, iache ikauke, idondoshee siki na uiangalie kwa karibu, kwa sababu siki ya jikoni ina asidi hafifu na viputo vinaweza kuwa vidogo mno. Ikitoa viputo ina chokaa. Kisha sugua punje chache kwenye kitambaa cheupe kilicholowa. Kama rangi inatoka, usiiweke kabisa.

Ukubwa wa punje ndio watu wanaoupuuza, na mimi naujali kuliko rangi. Kwa mimea, mm 1 hadi 3 ni sawa. Zikiwa kubwa kama kokoto, chakula huzama katikati yake na kuozea huko, na mizizi midogo haipati pa kushika. Weka sm 5 mbele, ipandishe hadi sm 7 nyuma. Kwa tangi lako hiyo ni kama lita 11 za changarawe, karibu kilo 16. Ukipunguza nafasi hiyo, gogo na ukingo wa juu usiojazwa, maji yatabaki lita 40 na ushee, wala si zile 54 za kwenye hesabu ya kioo. Meza iwe imara.

Changarawe tupu haina chakula cha mimea. Vallisneria na Cryptocoryne hula zaidi kwa mizizi, kwa hiyo zika vidonge vya mbolea ya majini karibu na kila shina. Anubias ni tofauti: lile shina lake nene linalotambaa ukilifukia litaoza. Lifunge kwa uzi kwenye gogo, litajishika lenyewe. Na Cryptocoryne ikiyeyusha majani yote baada ya kupandwa, usiing'oe. Mizizi iko hai na majani mapya yatakuja.

Matamvua:

Naafiki yote ya Mizizi, ila kwa Corydoras sikubali changarawe. Samaki huyu huchota mchanga kwa mdomo, huuchuja, kisha huutoa kupitia matamvua. Hivyo ndivyo anavyotafuta chakula mchana kutwa. Juu ya punje za mm 2 hawezi. Zikiwa na kingo kali ndiyo mbaya zaidi, sharubu zake hujeruhiwa na uchafu ulio chini humpa maambukizi. Kama unamtaka kweli, sakafu ni mchanga.

Sasa orodha yako. Enjelifishi mtoe. Hukua hadi sm 15 hivi, na kwa mapezi yake kimo kinazidi urefu, wakati wewe una sm 30 kabla hujatoa changarawe. Akishakua, neoni ni chakula chake. Pleko wa kawaida huweza kupita sm 30, yaani upana mzima wa tangi lako, hatakuwa na pa kugeukia. Gapi huzaa watoto walio hai takriban kila wiki nne, na jike huweza kuendelea kuzaa kwa mbegu alizozihifadhi hata dume akiondolewa. Tena gapi hupenda maji magumu, neoni maji laini. Chagua mmoja.

Mimi ningeweka neoni 10 na Corydoras pygmaeus 8. Hao wa pili ni wadogo, sm 2.5 tu, na hupenda kuogelea katikati ya mimea pia. Kwa mwani wa kwenye kioo, konokono wawili wa Neritina wanatosha. Hutaga mayai meupe yanayong'ang'ania kwenye gogo, lakini hayaanguliki kwenye maji yasiyo na chumvi.

tangi60:

Asanteni sana. Nimejaribu siki: nyeupe imechemka mara moja, nyeusi na mchanga vimetulia. Enjelifishi, pleko na gapi nimewafuta. Corydoras siwezi kuwaacha, wao ndio sababu ya mimi kutaka tangi. Je, nichanganye, nyeusi nyuma na mchanga mbele?

Mizizi:

Usichanganye. Punje ndogo zitapenya chini ya zile kubwa, na baada ya muda mpaka wote utapotea. Kama Corydoras ndio roho ya tangi hili, basi Matamvua yuko sahihi na mimi nafuta kura yangu kwa ile nyeusi: weka mchanga kote. Vallisneria humea vizuri sana kwenye mchanga, na Cryptocoryne pia, mradi vidonge vya mbolea havikosekani. Chekecha uondoe vumbi jembamba, uoshe mpaka maji yatoke safi, bila sabuni ya aina yoyote. Kina kiwe sm 4 hadi 5, usizidishe, kwa sababu mchanga hujikaza na maji hayapiti ndani. Konokono wadogo wa Melanoides watakusaidia kuupindua, wao hujichimbia mchana.

Mdomo wa chujio uinue mbali na sakafu, punje zikiingia hukwangua pampu. Ukifyonza uchafu, pitisha mpira juu juu bila kuuchomeka.

Matamvua:

Nyongeza moja: usinunue samaki wiki hiyo hiyo. Panda mimea, washa chujio, tia chembe za chakula kila siku ili zioze na kutoa amonia, ambayo ni sumu kwa samaki. Bakteria watakaoota kwenye chujio na mchanga wataigeuza kuwa naitraiti, nayo ni sumu, kisha naitreti, ambayo haina madhara makubwa. Kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Pima maji, amonia na naitraiti zikisoma sifuri huku naitreti ipo, badilisha nusu ya maji ndipo uwalete. Maji ya bomba yatie dawa ya kuondoa klorini. Kuyalaza wazi huweza kuondoa klorini ya kawaida, ila kloramini (klorini iliyounganishwa na amonia) hubaki.

tangi60:

Nimeelewa. Wote 18 niwalete siku moja, au kwa mafungu?

Matamvua:

Mafungu. Anza na Corydoras wote 8 kwa pamoja, hawapendi kugawanywa. Pima amonia kila siku kwa wiki mbili. Ikibaki sifuri, lete neoni wote 10. Joto liwe nyuzi 24 au 25, na taa isizidi saa 8 kwa siku mpaka mimea ishike, la sivyo mwani utaitangulia.