Tupeane uzoefu: Pikapu ya zamani inayogonga mbele, kosa ulilipata wapi?

Mleta mada:
Ndugu wanajamvi, salaam. Naomba tukusanye hapa visa vya wale waliowahi kuhangaishwa na pikapu ya zamani inayolia "ko, ko" upande wa mbele, kwa sharti moja tu: usiishie kutaja kifaa ulichobadilisha, bali ueleze gari lilikuwa likigonga katika hali gani na ulijuaje kwamba kosa liko pale.

Naanza mwenyewe, kwa aibu kidogo. Pikapu yangu iligonga upande wa kulia kila ilipopita juu ya vijiwe vidogo kwa mwendo wa polepole, lakini kwenye tuta, magurudumu yote mawili ya mbele yakipanda kwa pamoja, ilinyamaza kabisa. Fundi wa kwanza alisikiliza kwa dakika moja akahukumu shokapu. Nikanunua mbili mpya, zikafungwa, na mlio ukabaki vilevile.

Kumbe jibu lilikuwa kwenye ule ukimya wa tuta. Fimbo ya stebilaiza, ile inayounganisha upande wa kulia na wa kushoto ili gari lisilale sana kwenye kona, hufanya kazi gurudumu moja linapopanda na jingine likabaki chini. Yakipanda yote pamoja, fimbo huzunguka tu ndani ya bushi zake (raba zinazoishikilia), na linki, yaani vijiti vifupi vinavyoiunganisha na upande wa kila gurudumu, hazipati mzigo wa maana. Fundi wa pili, mzee asiyependa maneno mengi, alifungua linki zote mbili, akaifunga fimbo kwa waya isiguse kitu, tukarudi polepole kwenye njia ileile ya vijiwe. Kimya! Linki ya kulia ilipotua mkononi mwangu, kichwa chake kilicheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Ieleweke kwamba jaribio hili ni la mwendo mdogo na umbali mfupi, kwa sababu gari lisilo na fimbo hiyo hulala sana kwenye kona.

Mchangiaji wa 1:
Mimi nilidanganywa na jeki. Niliinua gari kwa kuweka jeki chini ya chesisi, nikalitikisa gurudumu juu na chini, sikuona mchezo wowote (yaani kulegea), nikajiaminisha kwamba boli jointi, kile kiungo cha mviringo kinacholishika gurudumu, ni nzima. Gari langu lina tosheni ba, fimbo inayosokotwa na kufanya kazi ya springi, na mzigo wake hubebwa na amu ya chini, yaani mkono wa chuma unaoliunganisha gurudumu na chesisi. Gurudumu likining'inia, tosheni ba huisukuma amu hiyo chini hadi mwisho wake, na boli jointi hubaki imevutwa kwa nguvu kiasi kwamba uchakavu wake hauonekani. Niliposogeza jeki chini ya amu yenyewe, karibu kabisa na boli jointi, nikaliacha tairi juu ya ardhi kidogo tu, kisha nikaliinua kwa mtaimbo kutoka chini, lilipanda na kushuka kwa mlio uleule wa barabarani. Mpira wa kuzuia vumbi ulikuwa umechanika, na grisi imechanganyika na mchanga ikawa unga wa kahawia. Hapo sikuliendesha tena hadi lilipotengenezwa, kwa kuwa jointi hiyo ikichomoka, gurudumu hulala.

Mchangiaji wa 2:
Nyongeza fupi kwa mwenzangu hapo juu. Gurudumu likicheza juu na chini, mwombe mtu akanyage breki huku ukiendelea kulitikisa. Mchezo ukipotea, shuku beringi ya gurudumu kabla ya boli jointi. Ukibaki, rudi kwenye jointi. Likicheza kulia na kushoto, anza na tairodi, fimbo inayoligeuza gurudumu usukani unapozungushwa.

Mchangiaji wa 3:
Kisa changu ni kifupi. Mlio ulisikika kwenye barabara mbovu na ukakatika nilipogusa breki kidogo tu. Zilikuwa pedi za breki, zikirukaruka ndani ya kalipa (kifaa kinachozibana) kwa sababu aliyezibadilisha hakurudisha klipu zake.

Mchangiaji wa 4:
Langu liligonga mara moja kila nilipofunga breki, na mara moja tena nilipoondoka. Zilikuwa bushi za amu ya chini, hilo halikuwa na utata. Tatizo ni kwamba bushi mpya ziliharibika upesi. Baadaye ndipo nilipoelezwa kwamba bolti zake zilikazwa kabisa magurudumu yakiwa yananing'inia. Raba ya bushi hubanwa na bolti na hupinda amu inapocheza, hivyo ukiikaza gari likiwa hewani, likishushwa chini raba inabaki imesokotwa muda wote hadi ichanike. Safari ya pili tulikaza kidogo tu, tukalishusha gari likalie magurudumu yake, ndipo tukamalizia. Sijasikia mlio tangu hapo.

Mchangiaji wa 5:
Msicheke. Mimi nilibadilisha linki, bushi na tairodi, kumbe ni betri iliyokuwa ikigonga kwenye kitako chake kwa kukosa kibano.

Mchangiaji wa 6:
Wakuu, langu hugonga nikiwa nimesimama, nikichezesha usukani kidogo kushoto na kulia. Viungo vyote vinaonekana vizima. Nianzie wapi?

Mleta mada:
Ndugu, katika hali hiyo usiliamini sikio, kwa sababu chesisi husafirisha mlio mbali na ulikotoka. Gari likiwa limekalia magurudumu yake, mkae wawili: mmoja achezeshe usukani kidogo kidogo, nawe ushike kiungo kimoja kimoja kwa vidole, kuanzia tairodi za pembeni kuelekea katikati hadi kwenye boksi la usukani. Kiungo kibovu utakihisi kikigonga mkononi. Chunga vidole visiingie panapobana.

Mchangiaji wa 6:
Nimefanya hivyo jioni hii na mwanangu akiwa kwenye usukani. Tairodi zilikuwa tulivu, lakini nilipoweka kiganja nusu juu ya boksi la usukani na nusu juu ya chesisi, nilihisi vikiachana. Bolti moja ya kulishikilia inazunguka kwa vidole.